Mpini wa Cherehani ya Mama

Mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Si uvimbe wala si ugonjwa, ni kazi. Blauzi za dukani hunibana upande mmoja na kunipwaya upande wa pili, na wauzaji wakinisaidia kujaribu huangalia pembeni kwa adabu, wakidhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Cherehani ndiyo iliyonifanya hivi, tangu nikiwa na miaka saba.

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani ndogo ya mkono, zile za kubeba, yenye kifuniko cha mbao kilichojikunja juu kama mgongo wa kobe. Mwili wake ulikuwa mweusi wa kung'aa, na maua ya rangi ya dhahabu ubavuni yaliyofutika pale vidole vilipozoea kupita. Mwaka niliotimiza miaka saba mama aliteleza kwenye ngazi na ndoo ya maji, mkono wa kulia ukavunjika, ukaungwa vibaya. Vidole vilibaki vizima, viliweza kushika kitambaa na kukiongoza, lakini kuzungusha mpini ndiyo basi tena. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Sare yangu ya shule ilikuwa imeshashonwa, bado vifungo tu. Ikakaa sandukuni mpaka mdogo wangu wa kike alipofika umri, akaivaa yeye.

Basi mdogo wangu akaenda shule, na mimi nikakaa kwenye kigoda upande wa kulia wa mama. Yeye mtaani walimwita Msomi. Mimi waliniita Mpini.

Msifikiri kuzungusha ni kazi ya kipumbavu. Mama alikuwa na maneno manne. "Twende" ni kuanza. "Pole" ni kupunguza, maana tunaingia kwenye kona ya mfuko au shingo ya gauni. "Simama" ni kusimama. Na "nusu" ndilo lilikuwa neno gumu: nusu mzunguko, sindano ishuke mpaka chini, ibaki imekichoma kitambaa ili kisiteleze wakati mama anakigeuza. Ukipitiliza hata kidogo, sindano inapanda na mshono unaharibika. Nilijifunza kutulia baada ya nusu kama paka anayevizia panya. Mkono kwenye mpini, macho kwenye vidole vya mama, hata kukohoa sikohoi, mpaka neno linalofuata lije.

Na mafuta nilikuwa natia mimi. Vumbi la uzi lililojikusanya chini ya sindano nililitoa mimi, kwa unyoya wa kuku. Kazi yangu nyingine ilikuwa kile kichuma kinachobeba uzi wa chini. Cherehani za siku hizi zina cha duara, lakini hiyo ya mama ilikuwa na kirefu, kimechongoka mbele, ndiyo maana nyumbani tulikiita kimtumbwi. Kinakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila safari kinafunga tundu moja. Bila kimtumbwi cherehani ni pambo la mezani. Mama hakuwahi kukijaza uzi hata mara moja tangu avunjike. Nilikijaza mimi, miaka yote.

Herufi nilizijulia hapohapo. Madaftari ya Msomi yakijaa, mama aliyakata kuwa vielelezo vya kola na mikono ya mashati, na mimi nikiwa nasubiri neno nilisoma kilichoandikwa kwenye kola. Nimesoma nusu ya historia ya dunia kwa vipande, haina mwanzo wala mwisho.

Niliolewa, nikaachika. Mume wangu alisema alioa mke, hakuoa mpini wa mama mkwe. Sikumlaumu sana. Kila asubuhi nilikuwa natoka kwake kwenda kuzungusha, narudi jua likizama, na kupika kwangu kulikuwa kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa umekufa ganzi. Nikarudi kwa mama na sanduku langu. Akasogeza kigoda kwa mguu akasema, "Kaa. Tuna sare kumi na mbili za manesi." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho, na yalinitosha.

Msomi wakati huo alikuwa amemaliza shule, akaenda chuo cha ushonaji, akapata cheti kikubwa chenye muhuri. Alishonea kwenye mashine za umeme, zile ambazo ukikanyaga tu zinakimbia. Akija kwetu alisimama nyuma ya mama na kusema, "Mama, hivi bado mnahangaika na hili zee?" Mama anamjibu, "Zee hili ndilo lililokulipia hiyo midomo." Tunacheka wote watatu. Na yeye alicheka, siwezi kumsingizia. Tulikuwa na vicheko nyumbani kwetu.

Siku mama alipofariki ilikuwa mchana, saa nane hivi, dirisha liko wazi. Tulikuwa tunashona gauni la rangi ya kijani iliyoiva, kitambaa kizito kizuri ambacho sikuwahi kukiona kikiingia mle ndani. Mama alikuwa akilishona vipande vipande kwa wiki tatu, kila tukipata nafasi kati ya kazi za watu.

"Mama, la nani hili?" nilimwuliza.

"La mteja."

"Mteja gani huyo? Mbona hajaja kupimwa?"

"Huyu namjua bila futi. Hana haraka, na hajawahi kunisumbua hata siku moja. Zungusha wewe, usinipeleleze. Twende."

Tukaenda. Pole. Tukaenda tena. Akasema, "Nusu." Nikashusha sindano. Mama akainama, kichwa karibu kabisa na cherehani, kama alivyokuwa akifanya siku zote akitafuta mwisho wa uzi. Nikasubiri.

Nilisubiri kama nilivyofundishwa. Mkono kwenye mpini, kimya. Nilidhani anapima kwa macho. Nilidhani anafikiri. Inzi akatua kwenye bega lake, hakumfukuza, nami sikumfukuza kwa sababu ukiwa kwenye nusu huachii mpini. Sijui ni dakika ngapi. Nilipokuja kusema, "Mama?" hakujibu, na nilipomgusa, kichwa kikateleza kikaegemea gurudumu la cherehani.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Msomi alipofika, kitu cha kwanza alichoniuliza, mbele ya watu, machozi yakimtiririka, ni hiki: "Ulikuwa umekaa tu? Ulikuwa umekaa tu na mpini mkononi, unamwangalia?"

Ndiyo, nilikuwa nimekaa.

Baada ya siku za msiba mjomba wetu, kaka yake mama, akatuketisha sebuleni kugawa vitu. Vilikuwa vichache. Mimi nikapewa kitanda na kabati. Nikasubiri aitaje cherehani, maana nilijua itakuja kwangu. Itakwenda wapi tena?

"Cherehani atachukua mdogo wako," mjomba akasema. "Yeye ndiye fundi, ana cheti."

"Mjomba, mimi nimeshona na mama miaka ishirini na sita."

"Hukushona, mwanangu. Mama yako ndiye aliyeshona. Wewe ulikuwa unazungusha tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba mwezi haushikiki. Nikamgeukia Msomi. Nilitaka aseme neno moja tu. Mashine za umeme alikuwa nazo mbili, ile hakuihitaji hata kidogo. Akatazama mikono yake akanyamaza. Unyamavu ule niliuhesabu kuwa tusi, na nimeishi nao kama mtu anavyoishi na jiwe kwenye figo.

Nikaingia chumbani eti natafuta shuka. Cherehani ilikuwa mezani, imefunikwa, hakuna aliyeigusa tangu siku ile. Nikainua kifuniko upande mmoja, nikapapasa chini ya kitambaa, nikatelezesha kile kipande cha chuma cha mbele kinachofunika kimtumbwi. Nikakata uzi kwa meno na kukitoa kimtumbwi. Bado kilikuwa na uzi wa kijani tumboni. Nikakifunga kwenye pindo la nguo yangu na kutoka na shuka begani.

Nilisema moyoni: tuone hicho cheti kitashona nini. Na nilisema jingine pia, ambalo sikumwambia mtu. Nilisema, lazima atakuja. Atafungua, ataona kinakosekana, atajua ni mimi, maana nani mwingine angejua pa kushika? Atakuja kwangu aseme, dada, cherehani haiendi bila wewe. Siku hiyo nitampa. Na cherehani nitamwachia. Nilichotaka ni yale maneno tu.

Miaka kumi na minne hakuja. Yaani alikuja nyumbani, sikukuu, misiba, alipojifungua mtoto wa pili alimleta nimbebe. Tuliulizana habari za afya. Lakini kuhusu hilo, kimya. Nami kimya. Nilipokwenda kwake niliiona juu ya kabati la vyombo, imefunikwa, kifuniko kimefutwa vumbi, na juu yake pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Moyo ukaniuma kuliko kama ningekuta imeuzwa.

Mwaka wa pili wa kimya hicho nilimwona muuza vyuma chakavu amekalia cherehani ya mkono kama kigoda.

"Unakalia nini hapo, baba?"

"Hiki? Hiki cha kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kimeganda."

"Nipe mimi. Kwangu kuna upepo mwingi."

Niliibeba begani mwenyewe. Nikailoweka viungo kwa mafuta ya taa siku tatu, nikaifuta kwa mswaki mzee, nikaitia mafuta tundu baada ya tundu kama ninavyojua. Siku ya nne gurudumu likalia mara moja, likazunguka. Nililia na mimi. Ndiyo niliyoipa jina Mpayukaji, maana haijui kushona kimyakimya. Baadaye nikapata ya pili, ya mke wa mchungaji, iliyovunjika kona ya kitako. Hiyo ni Kiguu. Ya tatu niliokota kwenye ofisi iliyokuwa ikihama, ilikuwa inashikilia mafaili yasianguke. Hiyo maua yake yote yapo, hata moja halijafutika, inaonekana haikufanya kazi maishani mwake. Naiita Bibi Harusi. Zimepangwa kwenye meza chini ya dirisha. Jumapili nazifungua zote na kuzifuta, hata isiyotumika, na nikizifunika naona kama nimewalaza watu.

Zote tatu nilizijaribu kile kimtumbwi. Kwa Mpayukaji kilikuwa kirefu, kwa Kiguu chembamba. Bibi Harusi haikutaka hata kukipokea. Hakikuwa cha cherehani nyingine duniani ila ile moja.

Nilijifunza kushona peke yangu, kulia nazungusha, kushoto naongoza. Mwanzoni mkono wa kulia haukukubali kwenda bila kuambiwa. Nacheka lakini ndiyo hali halisi: ilibidi nijiambie kwa sauti. Twende. Pole. Nusu. Wateja walikaa barazani wakinong'onezana, "Fundi anaongea na mashine." Waongee. Gauni likitoka zuri wanarudi, na wanaleta dada zao. Hivi sasa mtaani wananiita Fundi. Hakuna anayekumbuka Mpini, isipokuwa mimi na mdogo wangu.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, binti yake Msomi alinijia. Ni msichana mkubwa, anafanya kazi maabara ya hospitali, mtulivu kuliko mama yake. Nilikuwa na sare za wanakwaya ishirini, zote za kola.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mama anakusalimia. Anasema uje. Uje na kile kitu."

Sindano ikasimama. Miaka kumi na minne, na sasa amemtuma mtoto.

"Kitu gani?"

"Hakusema. Alisema wewe unakijua."

"Basi mwambie aje mwenyewe, aniambie kwa mdomo wake ni kitu gani."

"Hajisikii vizuri, mama mkubwa."

"Mama yako hajisikii vizuri tangu utotoni. Alikuwa anaumwa kichwa kila vyombo vikiwa havijaoshwa."

Msichana hakucheka. Ningetazama vizuri ningeona. Lakini nilikuwa natazama kola. Akaniaga kwa heshima, akaondoka, na mimi nikaendelea kuzungusha, nimefurahi furaha mbaya. Nilisema Jumamosi, sare zikiisha, nikiona hajaja nitakwenda. Nilishakitoa kimtumbwi nikakifuta. Nilishapanga hata nguo ya kuvaa.

Alifariki Alhamisi. Alikuwa mgonjwa tangu mwaka jana, akawakataza wasiniambie, na mimi na jeuri yangu sikuuliza. Nilisimama kaburini na kimtumbwi kwenye pindo la nguo. Mjomba, ambaye sasa haoni vizuri, alinishika mkono wa kulia akautambua kwa unene wake. "Pole, mwanangu," akasema. Nimesema siwezi kusingizia, basi sitajisingizia na mimi: hata siku hiyo sikumsamehe mjomba.

Wiki mbili baadaye binti alikuja na cherehani ya mama, ameikumbatia mbele kama mtoto. Nikamwondoa Kiguu mezani kupata nafasi. Tukaiweka. Nikafuta mikono, nikainua kifuniko.

Gauni la kijani lilikuwa pale. Halikuwa limeondolewa. Limekunjwa vizuri kuzunguka mwili wa cherehani ili kifuniko kikae, na sindano bado imelichoma, chini kabisa, palepale nilipoishusha siku ile. Kutu ilikuwa imefanya duara dogo la kahawia kwenye kitambaa.

"Haikuguswa," binti akasema. "Mama alikuwa akiifungua anaifuta, anaifunika. Nikiwa mdogo nilitaka kuchezea mpini, akanipiga kibao, na mama hakuwa mtu wa vibao. Alisema hiyo kazi ni ya watu wawili, na mmoja bado hajarudi."

Nililikunjua gauni polepole bila kulitoa kwenye sindano. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaunganishwa. Wa kulia ulikuwa nusu, ndio tuliokuwa tukiushona. Nikaweka mmoja juu ya mwingine nilinganishe, kama fundi yeyote anavyofanya. Haikulingana. Wa kulia ulikuwa umezidi upana kwa vidole viwili.

Mama hakuwahi kukosea kukata. Miaka ishirini na sita sijaona akikosea hata nusu kidole.

Nikavua fulana yangu ya nje, nikauweka ule mkono wa gauni juu ya mkono wangu wa kulia. Ulilingana. Nikaketi.

Mteja asiyekuwa na haraka. Mteja ambaye anamjua bila futi. Mama aliyewashonea watu wote wa mtaa ule, na mimi nikivaa yaliyowabana wenzangu, alikuwa ananishonea mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha.

Na Msomi alijua. Fundi mwenye cheti akikutana na mikono miwili isiyolingana haulizi mara mbili. Alijua tangu siku aliyofungua kifuniko. Angeweza kunitumia neno siku yoyote: dada, kuna gauni lako humu. Hakutuma. Alisubiri nije na kimtumbwi tulimalize. Na mimi nilisubiri aje akiombe. Tulikaa hivyo, huyu na chuma, huyu na kitambaa, mpaka mmoja wetu akaisha.

Nilitia tone la mafuta ya taa kwenye sindano, nikangoja, nikatia jingine. Nikakirudisha kimtumbwi mahali pake. Kiliingia kwa mlio mdogo ninaoujua. Uzi wa kijani uliokuwamo ulikuwa haujaoza.

Sikukaa kwenye kigoda. Nilikaa kwenye kiti, mahali pa mama, na kigoda nikampa binti.

"Shika mpini. Nikisema twende, zungusha kwenda mbele. Nikisema pole, punguza. Simama ni kusimama. Nusu nitakufundisha."

"Sijawahi, mama mkubwa."

"Hata mimi sikuwahi. Twende."

Alikwenda kwa kushtuka, haraka mno. "Pole," nikasema, na sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Mshono ulitambaa kuzunguka bega, tundu baada ya tundu, mpya zikifuatana na zile za miaka kumi na minne. Sehemu yenye kutu tuliipita. Tulipofika kwapani nilisema, "Nusu," akashusha, akapitiliza kidogo, nikarekebisha. Nikainama kutafuta mwisho wa uzi.

Macho hayakuona kitu. Maji yalikuwa yamejaa. Nikaegemeza paji la uso kwenye chuma baridi, pale maua yalipofutika, nikabaki hapo.

Nilihisi mpini ukiachiwa. Kigoda kikaburuzika sakafuni, mikono miwili ikanishika mabega, ikanitikisa kwa nguvu.

"Mama mkubwa! Mama mkubwa, una nini? Niangalie!"

Hata pumzi tano hazikupita. Msichana hakuwa amefundishwa kusubiri.

"Sina kitu," nikamwambia. "Ninalia tu."

"Umenitisha. Samahani, nimeachia mpini. Nimeharibu?"

Nilitazama. Sindano ilikuwa imepanda kidogo, kitambaa kimeteleza, tundu moja limekwenda pembeni. Ukilitafuta unaliona.

"Umeharibu," nikasema. "Na ukiona tena nimeinama hivi, achia hivyohivyo."

Sikulifumua lile tundu. Gauni lenyewe halinienei. Kiuno cha miaka kumi na minne iliyopita si cha leo, halikupita hata kwenye nyonga. Lakini mkono wa kulia uliingia wote mpaka begani, na haukunibana mahali popote.